Kuipeleka Kazi Mkoani au Kumsaidia Mtu Kuifuata: Ulinganisho wa Njia Mbili za Kuziba Pengo la Ajira Ndani ya Nchi

Nchi moja yaweza kuwa na sarafu moja, bunge moja na sheria moja ya kazi, na bado ikawa na masoko mawili ya ajira yasiyofanana hata kidogo. Italia hutajwa mara nyingi katika jambo hili: kwa miongo mingi kiwango cha ukosefu wa ajira katika mikoa ya kusini kimekuwa mara mbili hadi tatu ya kile cha kaskazini, ingawa hakuna kinachomzuia mkazi wa Calabria kupanda treni kwenda Milano. Ingetarajiwa pengo la namna hiyo lijizibe lenyewe, kwa kuwa asiye na kazi angeifuata kazi iliko, na mwajiri naye angekwenda mahali ambapo wanaotafuta kazi ni wengi. Kwa kuwa halijizibi, au hujiziba kwa mwendo wa kobe, wanaopanga matumizi ya fedha za umma hujikuta mbele ya njia mbili: kuipeleka kazi kwenye mkoa wenye uhaba, au kumsaidia mtu aondoke aifuate. Makala haya yanaziweka njia hizo sambamba kwa ajili ya yeyote anayetakiwa kuchagua, au kumshauri anayechagua, na hayafichi kwamba mwandishi wake ana upande anaouelemea.

Pengo lenyewe lipimwe kwa kipimo gani?

Makosa mengi huanzia kwenye tarakimu. Kwa ufafanuzi wa Shirika la Kazi Duniani, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira akitimiza masharti matatu kwa pamoja: hakufanya kazi ya kipato hata kwa saa moja katika juma linaloulizwa, alitafuta kazi katika siku za karibuni, na yuko tayari kuianza ikipatikana. Sharti la pili ndilo lenye mtego. Mahali ambapo kila mtu anajua kwamba kazi hakuna, watu huacha kuitafuta, na wakiacha hutoka katika hesabu ya wasio na ajira na kuwekwa nje ya nguvukazi. Kwa njia hiyo mkoa ulio hoi unaweza kuonekana una afya.

Afrika Kusini inalionyesha jambo hili waziwazi. Katikati ya 2019 viwango rasmi vya majimbo ya Limpopo na Western Cape vilikaribiana mno, kila kimoja kikiwa takribani asilimia 20. Lakini idara ya takwimu ya nchi hiyo ilitoa pia kipimo kipana, kinachowajumuisha waliokata tamaa ya kutafuta, na kwa kipimo hicho Western Cape ilipanda kwa pointi chache tu za asilimia ilhali Limpopo ilifikia takribani mara mbili ya kiwango chake rasmi. Ofisa aliyegawa fedha kwa kufuata safu ya kwanza ya jedwali angeyapa majimbo hayo mafungu yanayolingana, na asingekuwa amevunja kanuni yoyote.

Kwa hiyo anayelinganisha mikoa na asianze na kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake, bali aulize kwanza ni watu wangapi kati ya wote wenye umri wa kufanya kazi ambao kweli wana kazi. Vilevile aangalie mwaka wa takwimu, kwa sababu tangu mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi wa 2013, mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake hahesabiwi tena kuwa na ajira. Nchi iliyohamia ufafanuzi huo itaonyesha mabadiliko makubwa vijijini hata kama mashambani hakuna kilichobadilika.

Njia ya kwanza: kuipeleka kazi

Italia iliijaribu njia hii kwa muda mrefu kuliko nchi nyingi. Mwaka 1950 iliunda mfuko maalumu wa kuiendeleza Kusini, Cassa per il Mezzogiorno, uliodumu hadi 1984. Katika miaka yake ya mwanzo mfuko huo ulijenga mabomba ya maji, barabara, mifereji na skimu za umwagiliaji, kazi zisizo na mvuto wa kupigwa picha lakini ambazo kila mwajiri wa baadaye angezihitaji. Kuanzia 1957 mkazo ulihamia viwanda vikubwa, na mashirika ya umma yakaagizwa na sheria kuelekeza Kusini asilimia 60 ya uwekezaji wao mpya. Ndipo kilipojengwa kiwanda cha chuma cha Taranto, ambacho katika kilele chake kiliajiri watu zaidi ya 20,000.

Kiwanda kama hicho hakika huajiri. Tatizo ni kwamba chuma kilitoka Taranto kikiwa malighafi na kwenda kutengenezewa bidhaa kaskazini, hivyo karakana na kampuni ndogo ambazo zingemea pembeni mwake hazikumea kama ilivyotarajiwa. Waitaliano wakavipa viwanda vya namna hiyo jina la makanisa makuu ya jangwani. Baadaye mji huo ulinaswa katika mtego mbaya zaidi: mwaka 2012 mahakama iliamuru sehemu za kiwanda zizuiliwe kwa sababu ya uchafuzi unaodhuru afya za wakazi, na watu wakatakiwa kuchagua kati ya mapafu yao na mishahara yao. Mkoa unaotegemea mwajiri mmoja hauna nguvu ya kumkemea.

Gioia Tauro, huko Calabria, ni kisa cha aina yake. Katika miaka ya 1970 mashamba ya michungwa na mizeituni yaling'olewa na kijiji cha Eranova kikabomolewa ili kupisha kiwanda kingine cha chuma. Kiwanda hakikujengwa, kwa kuwa bei ya chuma ilikuwa imeshaporomoka duniani. Kilichobaki ni bandari kubwa isiyo na meli, iliyokaa bila kazi hadi 1995 ilipoanza kupokea makontena, na leo ni miongoni mwa bandari kubwa za makontena katika Mediterania. Anayetaka kuitetea njia ya kwanza ana haki ya kuitaja bandari hiyo, mradi akumbuke kwamba aliyeipanga hakuwa na habari ya makontena.

Mfano wa upande wa pili, ndani ya njia hii hii ya kwanza, ni bonde la mto Tennessee nchini Marekani. Mamlaka ya Bonde la Tennessee iliundwa mwaka 1933, ikajenga mabwawa, ikasambaza umeme na kuufanya mto upitike. Wanauchumi Patrick Kline na Enrico Moretti walipochunguza matokeo ya muda mrefu, waligundua kwamba nyongeza ya ajira za kilimo ilitoweka baada ya ruzuku kukoma, ilhali ajira za viwandani ziliendelea kuongezeka miaka mingi baadaye. Hata hivyo walitoa onyo ambalo wanasiasa hulisahau: sehemu ya faida iliyotokana na viwanda kuvutana ilifidiwa na hasara katika maeneo mengine ambayo viwanda hivyo vingekwenda. Kilichobaki kuwa faida halisi kwa taifa zima ni tija iliyoletwa na miundombinu.

Hapo ndipo penye tofauti ndani ya njia hii ya kwanza. Ruzuku kwa mwajiri mmoja na umeme wa kila mtu huandikwa katika fungu moja la bajeti, lakini si kitu kimoja. Maeneo ya msamaha wa kodi, ambayo Uingereza ilianza kuyatenga mwaka 1981, yaliangukia sana upande wa ruzuku: biashara nyingi zilizofunguliwa humo zilikuwa zimehama kutoka mitaa ya jirani, na kazi ile ile ikahesabiwa kuwa mpya kwa sababu imevuka barabara.

Njia ya pili: kumsaidia mtu kuhama

Uswidi iliifanya njia hii kuwa sera ya taifa. Mwaka 1951 wanauchumi wawili wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, walipeleka kwenye mkutano mkuu wa shirikisho lao pendekezo lenye mantiki kali: mishahara ya kazi zinazofanana isawazishwe nchi nzima, kampuni zisizoweza kuimudu ziachwe zife, na wafanyakazi wake wapewe mafunzo, nauli na posho ya kuhamia kwenye kampuni zinazostawi. Bodi ya soko la ajira, iliyojulikana kwa kifupi kama AMS, ndiyo iliyotekeleza.

Kwa vipimo vya kitaifa mpango huo ulifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Kaskazini mwa nchi, hata hivyo, watu waliigeuza maana ya herufi hizo tatu: walisema AMS maana yake ni *Alla Måste Söderut*, yaani wote lazima waende kusini. Vijana walifunga virago, na nyuma yao shule zikafungwa, maduka yakafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikazuka kaulimbiu ya ukaidi kwa lahaja ya kaskazini, *Vi flytt' int'*, hatuhami. Mzaha huo una uchumi mwingi ndani yake kuliko taarifa nyingi za wizara, kwa sababu unataja gharama ambayo vitabu vya hesabu havikuiandika: anayehama hulipwa posho, anayebaki halipwi kwa kufungwa kwa duka.

Moretti alikadiria kwamba katika miji ya Marekani kila kazi moja ya ziada kiwandani huzaa takribani kazi 1.6 katika huduma za hapo hapo, kama vile za kinyozi, mwalimu, fundi na mhudumu wa mgahawa. Hesabu hiyo hurudi nyuma pia, ingawa si lazima kwa kiwango kile kile. Familia 100 zikiondoka, kinyozi hupoteza wateja kabla ya yeye mwenyewe kufikiria kuondoka.

Je, watu huhama kweli wakisaidiwa? Jibu bora ninalolijua limetoka Rangpur, kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, ambako kati ya kupanda na kuvuna mpunga hupita miezi ya njaa iitwayo *monga*, wakati vibarua wa mashambani hawana cha kufanya. Mwaka 2008 watafiti walizipa baadhi ya kaya takriban dola 8.50 za Marekani, kiasi cha kutosha nauli ya basi na siku chache za kujikimu, kwa sharti kwamba mtu mmoja aende mjini kutafuta kazi ya msimu. Idadi ya kaya zilizotuma mtu iliongezeka kwa pointi 22 za asilimia, ulaji wa familia zilizobaki nyumbani ukapanda, na sehemu ya waliokwenda walirudi tena mjini mwaka uliofuata bila kulipwa na mtu. Kilichokuwa kimewazuia ni hofu ya kupoteza nauli na kuambulia patupu, jambo ambalo kaya iliyo ukingoni mwa njaa haiwezi kulifanyia majaribio.

Ingekuwa vyema kuishia hapo, lakini mpango huo ulipopanuliwa kufikia maelfu ya kaya, tathmini ya 2017 haikuona ongezeko lolote la wanaohama, na mwaka 2019 shirika lililouendesha likaufunga lenyewe. Nauli hufanya kazi pale ambapo nauli ndiyo kikwazo.

Mara nyingi kikwazo ni pango. Olivier Blanchard na Lawrence Katz walionyesha mwaka 1992 kwamba jimbo la Marekani likipata pigo la kiuchumi, kiwango chake cha ukosefu wa ajira hurudi kwenye hali ya kawaida baada ya miaka mitano hadi saba, zaidi kwa sababu watu huondoka kuliko kwa sababu kazi hurudi. Katika miaka ya 1950 takribani Mmarekani mmoja kati ya watano alibadilisha makazi kila mwaka. Siku hizi hawafiki mmoja kati ya kumi. Sababu ni nyingi, idadi ya wazee ikiwa mojawapo, lakini katika miji yenye kazi nzuri pango limepanda kiasi kwamba kwa mtu asiye na elimu ya juu nyongeza ya mshahara huishia mikononi mwa mwenye nyumba. David Autor na wenzake, walipofuatilia maeneo yaliyopoteza viwanda kwa sababu ya bidhaa kutoka China, walikuta watu hawakuhama kama ilivyotarajiwa, na waliobaki wakatoka kabisa katika nguvukazi.

Njia hizi mbili zikiwekwa mezani pamoja

Kwa upande wa kasi, njia ya pili haina mpinzani: mtu anaweza kuwa kazini ndani ya mwezi mmoja, ilhali bandari, njia ya umeme au chuo cha ufundi huhitaji miaka. Kwa upande wa gharama kwa kila mtu anayepata kazi, pia nauli na mafunzo ni nafuu kuliko ruzuku ya kiwanda, ilimradi makazi yapo. Kama hayapo, serikali italipia nyumba mjini badala ya barabara mkoani, na unafuu huo utakuwa umeyeyuka.

Kuhusu nani hunufaika, mizani inageuka. Wanaohama huwa vijana, wenye elimu inayozidi kidogo ile ya wenzao na wasio na wa kumtunza nyumbani. Mwanamke mwenye wazazi wagonjwa, fundi wa miaka 52 ambaye nyumba yake haina mnunuzi na mtu asiyezungumza vizuri lugha ya jiji hawamo katika orodha hiyo, na hao ndio hasa wanaoufanya ukosefu wa ajira wa mkoa uwe sugu. Kazi ikipelekwa kwao, angalau wana nafasi ya kuipata, ingawa si uhakika: kiwanda kinachohitaji mafundi wenye vyeti kitaleta watu wa nje na kuwaachia wenyeji ulinzi wa geti.

Tofauti nyingine haisemwi sana. Kosa katika njia ya pili huwa dogo na hurekebishika, kwa kuwa aliyehama akishindwa hurudi, kama walivyorudi wachimba makaa wengi wa Wales Kusini na Durham waliohamishwa chini ya mpango wa Uingereza wa 1928. Kosa katika njia ya kwanza hukaa pale pale likitazamwa kwa miaka 40.

Na pengo la mkoa linaweza kupungua kwa sababu isiyofurahisha. Ujerumani Mashariki ilipata njia zote mbili kwa wakati mmoja baada ya kuungana mwaka 1990. Chombo cha kubinafsisha mali za umma, Treuhandanstalt, kilipokea kampuni takriban 8,000 zenye wafanyakazi wapatao milioni 4, na sehemu kubwa ya kazi hizo ikapotea ndani ya miaka minne. Fedha nyingi zilimiminwa katika barabara, simu na ruzuku, huku zaidi ya watu milioni moja, wengi wao vijana na hasa wanawake, wakihamia Magharibi. Ukosefu wa ajira Mashariki ulipita asilimia 18 mwaka 2005, karibu mara mbili ya Magharibi, kisha ukashuka hadi pengo likawa la pointi chache. Sehemu ya mafanikio hayo ni ya kweli. Sehemu nyingine ni kwamba watu wa umri wa kufanya kazi walipungua.

Palipofanikiwa kweli panafundisha. Dresden ilikuwa na mafundi wa elektroniki na chuo kikuu cha teknolojia tangu enzi za ujamaa, na viwanda vya chipu vilivyovutiwa na ruzuku katika miaka ya 1990 vilikuta ujuzi upo. Jena ilikuwa na karne nzima ya utengenezaji wa lenzi. Ruzuku ilimwagwa pia katika miji isiyo na msingi kama huo, na huko haikuota mizizi.

Zipo pia kazi za umma, ambazo si njia ya tatu kamili bali ni daraja la kuvukia. Sheria ya India ya 2005 iliipa kila kaya ya kijijini haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, ndani ya kilomita 5 kutoka kijijini la sivyo na nyongeza ya asilimia 10 ya ujira, na asiyepewa kazi ndani ya siku 15 alistahili posho. Mpango wa namna hii huwafikia wale wale ambao njia ya pili inawaruka, hasa wanawake, na hupunguza safari za msimu za kutafuta vibarua mijini. Hauujengi uchumi wa mkoa, na haufai kulaumiwa kwa hilo.

Namna ya kuchagua

Swali la kwanza liwe chanzo cha uhaba. Kama mkoa ulikuwa na kiwanda au mgodi uliokufa na mafundi wake bado wapo, mwandishi huyu anaelemea njia ya kwanza, kwa sababu ujuzi uliokwisha kutawanyika haukusanyiki tena. Msaada huo uelekezwe kwenye mambo yasiyoweza kufungashwa na kuondoka: umeme, usafiri, chuo cha ufundi, ofisi za serikali zenyewe. Kama mkoa haukuwahi kuwa na soko wala njia ya kulifikia, miundombinu ije kwanza na watu wasaidiwe kuhama wakati inajengwa, bila kuwaambia kwamba kiwanda kiko njiani. Kama uhaba ni wa msimu, nauli au kazi za umma zatosha, na kati ya hizo mbili chaguo linategemea kama mjini kuna kazi na mahali pa kulala.

Swali la pili ni nani atakayebaki. Mkoa wenye vijana wengi unaweza kuwasindikiza baadhi yao bila kuanguka. Mkoa ambao tayari ni wa wazee, ukiongezewa posho ya kuhama, unafanywa mahame kwa fedha ya umma.

La tatu ni mkataba. Mwajiri atakayelipwa ili afungue kiwanda alipwe kwa awamu, kwa idadi ya wenyeji walioajiriwa na walio bado kazini, na muda wa masharti uwe mrefu kuliko umri wa mitambo anayoileta. Nokia ilikuwa imepokea ruzuku za serikali kwa kiwanda chake cha simu mjini Bochum, Ujerumani. Mwaka 2008 ilikifunga na kuhamishia uzalishaji Romania, na watu wapatao 2,300 wakapoteza kazi. Muda wa masharti ya kudumisha ajira ulikuwa umeshapita.